Mikono Miwili ya Kushoto

Siku wifi yake alipopewa mkasi mkubwa na Mama Chaki, Nifanyeje alijichoma pini kwenye kidole gumba na hakusikia maumivu. Aliona tu tone la damu kwenye sketi ya sare aliyokuwa akiishona, akajiuliza limetoka wapi. Kilichokuwa kikimuuma kilikuwa juu zaidi, kifuani, na kilikuwa na jina moja tu. Wivu. Tusizungushe maneno.

Mkasi wenyewe haukuwa na uzuri wowote. Ulikuwa mweusi, mzito, rangi imebanduka kwenye vishikio. Lakini katika duka lile la ushonaji aliyeushika mkasi ule ndiye aliyesimama kwenye meza ya kukatia, dirishani, penye mwanga na hewa, na wengine wote walikaa nyuma kwenye cherehani wakishona alichokata yeye. Nifanyeje alikuwa ameutolea macho tangu alipoajiriwa. Alijua kwamba siku moja Mama Chaki, mwenye duka, atachoka, na alijua nani anastahili kurithi ile meza. Hakuwahi kulisema. Alingoja wenye macho waone.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika pale dukani. Mpiga pasi, mwanamume mwembamba mwenye mdomo usio na kufuli, ndiye aliyembandika hilo la Nifanyeje, kwa sababu haikupita asubuhi bila yeye kuinuka kwenye cherehani, nguo mkononi, kwenda kwa mwenye duka. Pindo liwe pana au jembamba, Mama, nifanyeje? Uzi wa bluu umeisha na huu mwingine umekoza kidogo, nifanyeje? Kifungo kimoja kimepasuka, nifanyeje? "Kuuliza si ujinga," alijitetea kila alipochekwa. Na kweli si ujinga. Lakini mtu akiuliza njia ya kwao kila siku, mwisho majirani wanaanza kunong'ona.

Asidhaniwe kwamba kazi hakuijua. Mshono wake ulinyooka kiasi kwamba Mama Chaki aliuonyesha kwa wateja wabishi ili wanyamaze. "Tangu nizaliwe sijaharibu hata kitambaa cha mfuko," alipenda kusema. Na ni kweli pia. Asiyepanda mti ataangukaje?

Duka lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyompa mama yule jina lake. Zamani fundi mmoja alimkatia mteja suruali kutoka kwenye pazia la mteja mwingine, na tangu hapo hakuna kitambaa kilichoguswa na mkasi kabla Mama Chaki hajakichorea msalaba kwenye pembe kwa chaki yake, ile iliyokaa nyuma ya sikio lake mchana kutwa. Nifanyeje aliupenda msalaba ule. Ukishachorwa, moyo wake ulitulia tuli. Nguo ikiharibika baada ya hapo, haikuharibiwa na yeye.

Sasa huyu wifi. Alikuwa mdogo wa mume wake, msichana mwenye shingo ndefu na kicheko cha karibu, aliyekuja kukaa kwao baada ya kuhangaika na kazi za kuokoteza. Mume ndiye aliyeomba. "Mke wangu, mtafutie wifi yako hata kazi ya kufagia vipande." Nifanyeje akamtafutia. Alimshika mkono akampeleka mwenyewe, akamfundisha kutunga uzi, akamfundisha kukanyaga cherehani bila kuitia wazimu, akamwonyesha hata mahali pa kuficha mto wa kukalia usichukuliwe na mpiga pasi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Yalianza kwa mifuko. Mama Chaki alikuwa ametoka, bitana za mifuko zimekwisha, na wifi, badala ya kungoja, akachukua mabaki ya kitambaa cheupe akakata. Hakukuwa na msalaba. Nifanyeje aliuangalia mkasi ukipita akahisi kama anaona mtu anavuka barabara amefumba macho. Mifuko mingine ilitoka mizuri, mmoja ukatoka mfupi. Mama Chaki aliporudi alifoka mpaka mpiga pasi akazima pasi kwa heshima. Kisha akaokota ule mfuko mfupi, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Huu umekuwaje?"

"Niliupima nikiwa nimeuvuta, Mama. Kitambaa hiki kinavutika. Ile mingine nilikilaza kwanza."

Mama Chaki aliurudisha ule mfuko mezani. Kuanzia siku ile, wifi alipoleta kitambaa mezani, chaki ilibaki sikioni.

Sasa amepewa mkasi. Wa kushika kwa siku moja moja tu, kukata sketi na mashati, lakini mkasi ni mkasi. Nifanyeje alifuta lile tone la damu kwa mate, akaendelea kushona, na mguu wake ulikanyaga cherehani kana kwamba kuna mtu chini yake.

Nyumbani ndiko kulikommaliza. Mume wake, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na aliujua ufundi ukoje, alifurahi mpaka akaacha kula.

"Mkasi? Huyu huyu dada yangu? Mama Chaki mwenyewe kakupa?"

"Kanipa, kaka."

"Mikono ya bibi yetu hiyo! Si nilikwambia, mke wangu? Si nilikwambia huyu ana kitu?"

"Uliniambia," alisema Nifanyeje, akaweka bakuli mezani kwa kishindo cha mtu aliyeteleza kidogo tu.

"Wifi ndiye kanifundisha," msichana alisema, na alilisema kwa moyo safi, akimwekea maji ya kunawa. Hilo ndilo lililomuudhi Nifanyeje zaidi. Angekuwa na maringo, angalau angepata pa kumshika. Huyu alikuwa anaosha vyombo, anasalimia wakubwa, anakuita wifi kwa upendo, na huku anakuchukulia meza yako.

Ajabu ni kwamba hapo nyumbani Nifanyeje hakumuuliza mtu nini kipikwe, deni gani lilipwe kwanza wala pazia gani litundikwe wapi. Mume wake ndiye aliyezunguka akiuliza soksi zake ziko wapi. Kwake alikuwa jemadari. Ni ule mlango wa duka tu, akiuvuka, kitu ndani yake kilikaa chini na kungoja ruhusa.

Alijaribu kulirekebisha. Wiki ile alimpelekea Mama Chaki gauni la mteja mnene lililobana kwapani. Alikuwa na majibu yake mawili kichwani, yote mazuri. Lakini kinywa kilipofunguka kilitoa kile kilichozoea.

"Mama, hapa nifanyeje?"

"Wewe unaonaje?"

Alilichukia swali lile kuliko tusi. Aliona kwamba anapimwa, na pembeni wifi alikuwa anasikia. "Wewe ndiye unayejua, Mama," akasema.

Mama Chaki alishusha pumzi, akachomoa chaki, akachora. Nifanyeje akarudi kwenye cherehani na msalaba wake, na kwa mara ya kwanza haukumtuliza. Aliona kama amepewa peremende ili anyamaze.

Ndipo likaja koti la Mwalimu. Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu, amenyooka kama rula, na alileta kitambaa kizito cha rangi ya majivu alichonunuliwa na marehemu mumewe. Kilikaa sandukuni wakati wa ndoa yao yote kikingoja shughuli inayokistahili. "Nimechoka kungoja shughuli," alisema. "Nishonee koti niwe navaa." Kitambaa kilikuwa na vinyweleo laini vilivyolala upande mmoja kama manyoya ya paka, na kilitosha koti moja, kwa kubana. Kingine cha aina yake hakikuwepo popote.

Mama Chaki alikishika, akakisogeza karibu na uso, kisha mbali. Kila mtu alikuwa ameona kwamba siku hizi anasogeza vitu hivyo ndipo avione. Akawaita wote watatu.

"Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na mikono nayo si kama zamani. Sitaki niharibu nguo ya mtu kwa ubishi. Koti hili likitoka, meza hii nampa mmoja wenu, na mimi nitakaa pale mbele niongee na wateja." Alipumua. "Kesho naenda kwa daktari wa macho. Wifi atakata koti."

Mpiga pasi akamtazama Nifanyeje, akainamisha kichwa haraka kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona, "na sisi tunashona nguo."

Nifanyeje hakucheka. Usiku ule alimpa mume wake mgongo, na mume, ambaye hakujua kosa lake, aliomba msamaha kwa jumla.

Asubuhi wifi alifika mapema, akafagia meza, akatandaza kitambaa. Nifanyeje alikaa kwenye cherehani iliyotazamana na ile meza, akaanza mshono mrefu wa sketi, mshono wa kushonwa hata ukisinzia. Hakusinzia. Macho yake yalikuwa mezani.

Kwa kawaida kitambaa hukunjwa mara mbili, mkasi unapita mara moja, na mikono ya koti inatoka miwili kwa mpigo, wa kulia na wa kushoto, kama jozi ya viatu. Lakini hiki kikikunjwa hakitoshi. Ilibidi kitandazwe wazi, ukatwe mkono mmoja, kisha karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la mkono, igeuzwe kifudifudi ndipo ukatwe wa pili. Usipoigeuza unapata mikono miwili ya upande mmoja. Na kitambaa chenye vinyweleo kina uso na mgongo, kwa hiyo hakuna kukigeuza baadaye. Kila fundi analijua hilo, na kila fundi amelikosea angalau mara moja, isipokuwa Nifanyeje, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza.

Wifi alikata mgongo wa koti. Safi. Akakata vifua viwili. Safi, na Nifanyeje akameza mate machungu. Akakata mkono wa kwanza, wa kushoto. Kisha akainua ile karatasi, akaisogeza pembeni, akaipapasa ikalala, akaanza kuipiga pini.

Hakuigeuza.

Nifanyeje aliliona papo hapo. Kwenye ukingo wa karatasi kulikuwa na kipasuo kidogo kinachoonyesha mbele ya mkono, na kile kipasuo kilikuwa kinatazama dirishani, kama mara ya kwanza, wakati kilipaswa kutazama mlangoni. Aliliona kutoka ng'ambo ya chumba, na cherehani ikinguruma, bila kupima, kama mtu anavyoona sahani imekaa vibaya ukingoni mwa meza.

Kinywa kilifunguka. "Wi—"

Kisha kikajifunga. Kwani ameulizwa? Mkataji ni nani? Si yule mwenye mikono ya bibi yao? Si yule asiyehitaji chaki? Mtoto akililia wembe mpe. Haya yote yalipita kichwani kwake kwa mpangilio mzuri, kama mashahidi waliofundishwa, na nyuma yao kilikaa kitu kimoja kisicho na hoja yoyote, kitamu na kichafu: akosee. Mungu wangu, na akosee.

Mkasi mkubwa ukaanza kutafuna. Una sauti yake ule mkasi, nzito, ya taratibu. Nifanyeje aliisikia mpaka mwisho, na hakuinua macho tena kutoka kwenye sketi.

Wifi aligundua alipoanza kubandika mikono mwilini mwa koti. Alijaribu mkono wa pili mara moja, akauzungusha, akajaribu tena. Kisha akasimama. Mpiga pasi akaja kuangalia.

"Lo," alisema mpiga pasi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza neno.

Nifanyeje alingoja. Hii ndiyo saa yake. Sasa msichana atalia, atakuja pale kwenye cherehani mikono miwili mbele, na atalisema lile neno ambalo watu wamelicheka siku zote: wifi, nifanyeje? Na yeye atamjibu taratibu, kwa huruma, mbele ya mashahidi.

Msichana hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akavuta mabaki yote ya kitambaa, akayapanga sakafuni, akayatazama. Kisha akainua uso.

"Wifi, ulikuwa umenielekea. Hukuona?"

"Ningeona wapi, wifi? Si nilikuwa na kazi yangu."

Uongo ule ulitoka laini kuliko ukweli wowote aliowahi kuusema.

Mama Chaki alirudi mchana, jicho moja limefunikwa. Kabla hajakaa, wifi alikuwa mbele yake. "Mama, nimekata mikono miwili ya kushoto. Sikugeuza karatasi. Nimetafuta kwenye mabaki, mkono mzima hautoki. Naona tuunge kipande kutoka kiwikoni kwenda chini. Utaonekana, lakini nitamwambia Mwalimu mwenyewe kwamba ni mimi."

Mama Chaki hakufoka. Aliishika ile mikono miwili mmoja mmoja, akaipapasa kwa vidole kwa kuwa macho hayakumtosha, akairudisha mezani. Alionekana mzee ghafla. Kisha akafanya alichokifanya kila siku akirudi, kwa mazoea tu: akapita kwenye cherehani kukagua kazi. Akachukua ile sketi ya Nifanyeje, akautembeza ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, kutoka kiunoni kwenda chini.

Ukucha ukasimama.

Akarudi nyuma kidogo, akapita tena. Pale katikati, mshono ambao siku zote ulinyooka kama uzi wa mwashi ulikuwa umeyumba, ukatoka nje ya mstari wake, ukayumbayumba kwa urefu wa kiganja, kisha ukarudi na kunyooka.

"Wewe hujawahi kunishonea hivi," alisema Mama Chaki. "Hapa ulikuwa unatazama nini?"

Nifanyeje angeweza kusema uzi ulikatika. Angeweza kusema sindano ilipinda. Lakini uongo mmoja ulikuwa umekwisha kumchosha, na mama yule alikuwa anauliza kwa upole.

"Alikuwa anakata, Mama."

"Anakata nini?"

Nifanyeje aliitazama meza ya kukatia. Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

"Mkono wa pili," alisema Mama Chaki. "Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Kutoka hapa?"

"Kipasuo kilikuwa kinatazama dirishani."

"Wifi!" alisema msichana. Nifanyeje alitamani matusi. Matusi yangemsaidia.

Mama Chaki alikaa kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Nimekuuliza unaonaje, unaonaje, mpaka ulimi umeniota sugu. Ukaniambia mimi ndiye ninayejua. Leo umeona kitu ambacho mimi kwa macho haya nisingekiona, hukuuliza mtu, hukusubiri chaki. Halafu ukanyamaza." Alichomoa chaki nyuma ya sikio akaiweka juu ya meza, mbali na kila mtu. "Haya. Koti la mwenyewe ndilo hilo. Mimi sijui. Unaonaje?"

Nifanyeje alisimama. Alikwenda kwenye meza ya dirishani akayatazama yale mabaki, na lile neno lake la zamani likapanda mpaka kwenye meno, likagonga, likangoja kufunguliwa. Akalimeza. Aibu ilikuwa imejaa kinywani hata neno halikupata pa kupita.

"Kipande cha ndani ya kifua hakijakatwa," alisema polepole. "Wala mgongo wa kola. Hivyo havionekani, tunaweza kuvitoa kwenye kile kijivu chetu cha makoti ya shule. Kitambaa chake kitabaki hapa." Alikisogeza. "Hiki kinatoa upande wa juu wa mkono wa kulia. Upande wa chini tunautoa kwenye huu uliokosewa."

"Utakuwa na mshono," alisema wifi kwa sauti ndogo.

"Utakuwa na miwili, mbele na nyuma. Kwa hiyo tunaupasua na mkono wa kushoto vilevile, na mabaki yaliyobaki yanafidia kinacholiwa na mshono. Mshono wa upande mmoja ni kiraka. Ukiwa pande zote mbili ni mtindo."

Mpiga pasi aliacha pasi, akasogea mezani.

Kuupasua mkono mzuri, ule pekee uliokuwa sahihi, kulikuwa ni kupanda mchongoma. Kukosea hapo kungelimaliza koti. Nifanyeje aliutandaza mkono ule, akapima, akaushika mkasi mkubwa. Ulikuwa mzito kuliko alivyoufikiria na vishikio vilikuwa na joto la mikono ya mwenzake. Pembeni chaki ilikuwa palepale. Hakuna aliyeigusa. Akakata.

Walifanya kazi mpaka jioni, wawili wale, bila kuongea zaidi ya "shika hapa" na "nipe pini." Koti lilipotundikwa kwenye sanamu ya kupimia, ile mishono ilishuka kwenye mikono yote miwili, myembamba, imenyooka, kama ilikuwa imekusudiwa tangu kiwandani. Mama Chaki aliipapasa yote kwa vidole, akaenda, akarudi, akapapasa tena. Mpiga pasi akasema kwamba yeye angevaa lile koti hata kama ni la kike.

"Safi," alisema Mama Chaki. "Hata mimi nisingelifikiria hilo la kupasua mzuri." Kisha akamgeukia Nifanyeje, na jicho lake moja lililo wazi lilikuwa limelowa. "Jana ningekuambia bado. Asubuhi ya leo, ungetamka neno moja tu, ningekupa meza hii hapa hapa. Sasa siwezi, mwanangu. Mkataji ndiye anayeuona mwanzo wa kila kosa la duka hili. Lazima awe mtu wa kusema."

Mkasi akauweka mkononi mwa wifi.

Nifanyeje alidhani atalia, lakini machozi hayakuja. Ulikuja wivu uleule, umerudi nyumbani kwake, ila sasa ulikuwa umebadilika ladha. Zamani alimwonea wivu mtu mwingine. Sasa alimwonea wivu yule mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye cherehani asubuhi ile, kinywa wazi, na neno lake "Wi—" likiwa bado halijarudishwa ndani. Yule alikuwa na kila kitu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kama kila siku, wakipita kando ya maduka yaliyokuwa yanafunga milango. Wifi alikuwa amebeba mkasi, anakwenda nao nyumbani kuunoa. Mkataji ndiye anayenoa. Walitembea kitambo kirefu. Nifanyeje alikuwa anangoja amwambie kwamba kaka yake atayasikia yote leo mezani.

"Kaka simwambii," alisema wifi mwishowe, kama aliyemsikia. "Lakini wifi, nitakosea tena. Mimi najijua, nina haraka. Nikikosea tena, utaniambia?"

Nifanyeje alitafuta jibu la kweli ndani yake. Aliutazama ule mkasi mkononi mwa msichana, unavyoning'inia, unavyong'aa makali, na moyo wake ukamuuma bila aibu.

"Hujaushika vizuri," alisema. "Ncha iangalie chini. Ukijikwaa utajichoma."

Wifi akaugeuza mkasi, ncha ikaangalia chini, wakavuka barabara.